Beji ya Watu Wanane: Kwa Miguu Kutoka Buhembe Hadi Muleba

Mmeniuliza sana. Mama Nurdini aliniuliza sokoni, jirani zangu wa Kitendaguro wakaniuliza msibani, na wengine mmenipigia simu: "Mwalimu Hawa, huko Muleba kulikuwa na nini hata ukarudi huna sauti?" Wote niliwajibu kwamba ni uchovu wa safari. Haukuwa uchovu. Ilikuwa hasira, na bado ninayo, ila sasa imepoa kiasi cha kuniruhusu kushika kalamu.

Nianze na jambo moja ili mnielewe. Mimi ni mlezi wa skauti shuleni kwetu Buhembe, hapa Bukoba. Beji za kawaida skauti anazipata mwenyewe: ajuaye kuogelea anavaa yake, ajuaye huduma ya kwanza anavaa yake. Lakini zipo tuzo za ziada ambazo mtu peke yake hazipati hata awe hodari namna gani. Hizo hupewa kundi. Kundi lisafiri kwa miguu, lijipikie njiani, lifanye kazi ya kujitolea mahali fulani, halafu likapimwe kambini. Kila mmoja lazima awe na sehemu yake. Wakipata, wamepata wote. Wakikosa, wamekosa wote. Hiyo ndiyo maana halisi ya tuzo hiyo, na asiyeitaka maana hiyo akae kwake.

Kundi langu linaitwa Korongo, watoto wanane wa miaka kumi na mitatu, kumi na minne. Kiongozi wao ni Edmund, kijana mrefu, mpole, mwenye haraka ya kusaidia hata asiyeomba msaada. Yupo Latifu wa mtaa wa Bakoba, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika tangu nimfahamu. Na yupo Kokushubira, sisi tunamwita Koku. Koku aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa darasa la pili, akapona, masikio hayakupona. Ni kiziwi kabisa. Anasoma na kuandika vizuri kuliko wenzake wengi, na kundi zima huongea naye kwa mikono, nusu kwa lugha ya alama ya kweli, nusu kwa alama walizojitungia wenyewe. Wale watano wengine wanisamehe kwa kutowataja. Hawakufanya kosa wala kioja.

Buhembe hadi Kemondo

Tulipanga kuondoka alfajiri. Tuliondoka jua limeshapanda, kwa sababu mama yake Latifu alikuja mbio kutoka Bakoba na sufuria ya pilau. Nilimweleza kwamba sharti ni watoto wajipikie. Akanijibu, "Mwalimu, sharti ni lenu, mtoto ni wangu." Tukala pilau pale pale, tumesimama, mizigo mgongoni. Nisiseme uongo, ilikuwa tamu.

Barabarani Koku alitangulia. Watu wengi hudhani kiziwi anatakiwa kuwekwa katikati kama yai. Sisi tunajua kwamba aliye mbele anaona kila kijacho, na kwa kinachotoka nyuma tuna utaratibu wetu: gari likisikika, wa mwisho humgusa bega aliye mbele yake, naye humgusa wa mbele yake, hadi mguso unamfikia Koku, na mstari wote unahamia majanini kwa pamoja. Madereva wa malori walitupigia honi za kutusifu. Mlezi wao nilitembea nyuma kabisa nikiwa nimevimba kwa fahari, na miguu nayo ikianza kuvimba.

Kyetema tulisimama kwenye kibanda cha maandazi. Mwenye kibanda alikuwa mama mtu mzima, amejifunga kanga mbili. Watoto wote walimwamkia isipokuwa Koku, ambaye alikuwa amempa mgongo, anashangaa mbuzi aliyefungwa nyuma ya bodaboda.

"Waitu! Huyu mtoto ni wa nani, asiyesalimia wakubwa?" mama akauliza.

Latifu akawahi. "Hasikii, bibi."

"Hata mimi naona hasikii! Watoto wa mjini hakuna anayesikia! Mnalelewa na simu!"

"Hapana, bibi. Hasikii kwa masikio. Ni kiziwi."

Mama yule alibadilika uso. Alitoka nyuma ya meza, akamshika Koku kichwa kwa mikono miwili, akaanza, "Maskini! Maskini, mwana wa mwenzangu!" Koku alishtuka, akaniangalia. Mama akamjazia maandazi mikononi na kukataa katakata malipo yake.

Koku akaniuliza kwa alama, "Anasema nini?"

"Anakupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya kutosikia."

Alifikiri kidogo huku anatafuna. Halafu akaniambia, "Mwambie hayajaiva ndani."

Sikumwambia. Koku aliyamaliza yote hata hivyo, maana pilau ilikuwa imeshasahaulika tumboni. Tuliingia Kemondo tumechoka, tukapewa darasa la kulala, na jioni hiyo watoto walichemsha samaki na nyanya, wakala kimya. Hata Latifu.

Kemondo hadi Muhutwe

Mvua ilitufungia. Ilipiga juu ya bati asubuhi nzima, tukawa tunaangaliana tu. Koku, ambaye kelele zile hazikumhusu, alilala hadi ilipokatika, wenzake wakimwonea wivu.

Kazi yetu ya kujitolea ilikuwa chemchemi moja karibu na Muhutwe. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ameniahidi kwa simu kwamba atatupokea na kutuonyesha la kufanya. Tulipofika hayupo. Amekwenda msibani. Tukasubiri. Simu yake haipatikani. Tukasubiri tena, watoto wamekaa juu ya mizigo, mimi natembea huku na huku kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hasira zangu za safari hii zilianzia hapo, kama mnataka kujua mwanzo wake.

Akina mama waliokuja kuteka maji ndio waliotuokoa. Mmoja alitua ndoo akauliza, "Mnamsubiri nani?"

"Mwenyekiti."

"Kwani chemchemi ni yake?"

Watoto walicheka, wakavua viatu. Mfereji ulikuwa umezibwa na matope, maji machafu yanarudi kwenye yale safi. Njia ya kushukia ilikuwa utelezi mtupu, na bibi mmoja alituonyesha goti lake lililochunika juzi yake. Edmund akagawa kazi: hawa mfereji, hawa kubeba mawe, hawa kupanga ngazi. Koku akapangiwa kulinda mizigo.

Nilimwona Koku akitazama mizigo, akitazama wenzake. Akamfuata Edmund, akamgusa, akamwambia kwa mikono, "Mizigo haina miguu." Kisha akamnyang'anya jembe, akaingia mferejini hadi magotini.

Edmund alinijia amefadhaika. "Mwalimu, nilitaka tu apumzike. Kuna utelezi."

"Ulimuuliza kama amechoka?"

Akainamisha kichwa. Nilijiona mwalimu hodari sana kwa swali lile. Mtaona mbele.

Ngazi zilikuwa zimekamilika na maji yanakwenda vizuri mwenyekiti alipofika, amevaa koti la msiba. Alipanda juu ya ngazi yetu ya katikati akatoa hotuba ndefu kuhusu uongozi wake ulivyoshughulikia suala la maji. Bibi mwenye goti lililochunika alitema mate pembeni, akaondoka na ndoo yake hotuba ikiendelea. Mimi niliubana mdomo wangu. Bado nilikuwa na akiba ya subira.

Kupanda Kamachumu

Kutoka Muhutwe tuliiacha lami tukapanda juu kuelekea Kamachumu. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, baridi inaingia mifupani, njia inapanda na haionyeshi nia ya kuacha. Latifu alipata lengelenge la kisigino, akawa anasimulia kila hatua ya maumivu yake.

Vijana wawili wa bodaboda wakapunguza mwendo pembeni yetu. "Mwalimu, wapakieni hata hawa waliochoka! Tunawapeleka hadi juu!"

"Hapana, asanteni. Sharti ni miguu."

"Kwani nani anaona? Ukungu wote huu!"

Latifu aliitazama pikipiki ile kama mtu aliyefunga anavyotazama futari. Koku alikuwa amegeuka kuona kwa nini tumesimama. Edmund akamfasiria maneno ya vijana. Koku akaonyesha macho yake mawili kwa vidole, kisha akajigusa kifuani.

"Anasema nini?" kijana akauliza.

Latifu akashusha pumzi. "Anasema yeye anaona." Akaanza kutembea tena, anachechemea. Vijana wakaondoka wakicheka.

Juu kule tulipiga kambi kwenye uwanja wa mama mmoja mjane, Ma Paskazia, aliyetuachia kona ya shamba lake. Kuni zilikuwa mbichi. Watoto walipuliza moto hadi machozi, zamu kwa zamu, mpaka Koku alipokwenda kukusanya majani makavu ya mgomba na moto ukashika. Walipika ndizi na maharage katika sufuria moja. Ma Paskazia alionja kwa kijiko kirefu, akasema kwa Kihaya maneno ambayo kwa adabu nitayafasiri hivi: chumvi imejaa, na aibu ya mpishi haipo. Halafu akaenda ndani akarudi na senene waliokaangwa, panzi wa moto wanaolia chini ya meno. Wale watoto walicheka jioni ile kwa mikono na kwa midomo, na nikawaza kwamba tuzo wameshaipata, kule Muleba tunakwenda kuichukua tu.

Muleba

Kambi ilikuwa kwenye uwanja wa shule. Makundi mengine yalikuwa yameshafika, mahema yamepangwa. Mkuu wa upimaji alikuwa bwana mmoja aitwaye Projestus, mtu wa kujitolea kama sisi, ila wa kujitolea kwa sauti. Alikuwa na filimbi shingoni, na sharubu nene zilizomfunika mdomo wa juu wote. Kumbukeni hizo sharubu.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kupuliza filimbi ya kukusanyika. Watoto wote wakakimbia. Koku alikuwa anafunga kamba ya hema, hivyo Latifu alimpungia, naye akaja mbio, akafika kabla ya wengine wengi.

Projestus akaniita pembeni. "Yule binti haitiki filimbi."

"Ni kiziwi, kiongozi. Wenzake humwita kwa ishara. Ndivyo kundi lilivyojipanga."

"Kwa hiyo wanambeba."

"Hawambebi. Amefika kabla ya nusu ya watu wako."

Akaandika kitu, akaondoka.

Kesho yake ikawa kupimwa. Chini ya turubai, mmoja mmoja, maswali manne yale yale kwa kila skauti. Nilisikia wanangu wakijibu vizuri, hata Latifu alijibu kwa kifupi. Zamu ya Koku ilipofika nikasogea naye.

"Kiongozi, rudi nyuma," Projestus akasema. "Hapa hakuna kupeana majibu."

"Simpi majibu. Namfasiria swali."

"Nitajuaje unafasiri au unamjibia?"

Nikasema sawa, hilo ni swali la haki. "Basi mwandikie. Anasoma. Atakujibu kwa kuandika."

"Wenzake wamejibu kwa mdomo. Haki ni sawa kwa wote."

Halafu, jamani, nikiwa nimesimama pale, alimuuliza Koku swali kwa mdomo. Tena ameinamia karatasi yake. Koku aliangalia zile sharubu, akaangalia paji lake la uso, akaniangalia mimi. Projestus akauliza la pili. La tatu. La nne. Kila baada ya swali alisubiri kidogo, kwa uungwana mkubwa, kisha akasema, "Hajui." Mara nne. Koku alisimama wima muda wote, mikono pembeni kama skauti, akingoja kupimwa. Hakujua kwamba amekwisha kupimwa.

Nilijiambia, ngoja Hawa, matokeo hayajatoka, usiwaharibie watoto.

Matokeo yalitoka mchana, makundi yote yamepanga mistari. Tulipotajwa sisi, Projestus akanyanyua mkono. "Korongo wamefanya vizuri sana. Saba kati yao wanapata tuzo ya kundi. Na kwa binti yetu mwenye changamoto, kambi imemwandalia zawadi ndogo ya kumtia moyo. Tumpigieni makofi!"

Uwanja mzima ukapiga makofi. Na Koku aliona nini? Aliona mikono ya watu wote ikipiga makofi huku wanamtazama yeye. Akatabasamu. Akainua mikono yote miwili juu, akaitikisa, ndivyo viziwi wanavyoshangilia. Alidhani wameshinda. Akaenda mbele anaruka ruka, akapokea soda na pakiti ya biskuti, akatushukuru sote kwa kichwa.

Sijui kama mmewahi kuona kitu kama hicho. Mimi sitaki kukiona tena.

Sauti yangu niliiacha pale. Nilimwambia Projestus mbele ya watu kwamba tuzo ya kundi haigawanywi kama nyama ya bucha, kwamba amemuuliza kiziwi kwa sharubu, kwamba haki anayoisema haijui hata inavyoandikwa. Yeye akarudia, "Tulia, mwalimu, tulia," jambo ambalo halijawahi kumtuliza mtu yeyote duniani. Edmund akatoka kwenye mstari bila kuambiwa. Akavua beji aliyokwisha kubandikwa, akaiweka mezani. Wenzake sita wakamfuata. Kundi moja la upande wa pili likaanza kushangilia. Nikawaamuru wanangu wabebe mizigo. Edmund akamshika Koku mkono, tukatoka uwanjani kwa mwendo wa gwaride, vifua mbele.

Nilijisikia shujaa. Ilidumu mpaka kwenye mikaratusi, nje ya geti.

Chini ya mikaratusi

Koku aliuchomoa mkono wake kwa Edmund. "Nini?" akauliza. "Tunakwenda wapi? Kwa nini wewe, mwalimu, unalia?"

Hapo ndipo niliposhtuka. Muda wote ule wa kugomba, hakuna aliyemfasiria neno. Si Edmund, si Latifu, si mimi niliyemhoji Edmund kule chemchemi. Tulikuwa tumempa migongo tukipigana kwa ajili yake.

Nikamweleza. Nilimweleza kila kitu, mikono yangu ikikosea kosea. Uso wake ulibadilika pole pole. Aliitazama soda aliyoishika, akaiweka chini kwenye majani kwa uangalifu, kama kitu chenye uchafu. Latifu, ambaye alikuwa ameshafungua biskuti, akaacha kutafuna.

"Uwanja mzima ulijua," akasema Koku. "Mimi nilikuwa nacheka."

"Tulikutetea," Edmund akamwambia kwa mikono. "Tumerudisha beji zote. Kwa ajili yako."

"Nani aliniuliza kama nataka zirudishwe?"

Koku akaendelea kwa mikono.

"Nimetembea kutoka Buhembe. Nimechimba mfereji. Naitaka beji yangu. Yule mzee amesema nyinyi mnanibeba. Sasa mmenibeba kweli, mmenitoa nje kama mzigo."

Nilianza kuomba msamaha. Alifumba macho. Ukiwa na Koku, akifumba macho umenyamazishwa. Hakuna njia nyingine ya kumfikia. Alipoyafungua hakututazama. Aligeuka akaelekea getini, peke yake, anatembea haraka. Tulimfuata kwa mbali, watu wanane wenye aibu, nami nikiwa wa kwanza wao.

Mbele ya sahani ya Projestus

Projestus alikuwa anakula ndizi na nyama chini ya turubai, na walezi wenzake. Koku alisimama mbele yake. Projestus alimwonyesha kwa ishara kwamba anakula. Koku hakutikisika. Aliokota kijiti, akaandika kwenye vumbi, mbele ya viatu vyake, kwa herufi kubwa: NIULIZE.

"Mwambieni asubiri," Projestus akasema.

Sikusogea. Nilikuwa nimejifunza, japo nimechelewa. Watoto wa makundi mengine walianza kukusanyika. Mlezi mmoja, mama mnene wa upande wa Ngara ambaye sikuwahi kuzungumza naye, akasukuma sahani yake. "Muulize, ndugu yangu. Maswali manne yatakupotezea nini? Nyama itapoa kidogo tu."

Projestus akatazama watu waliozunguka. Akapokea kijiti. Akaandika swali la kwanza vumbini: mtu ameungua na uji wa moto, utafanya nini?

Koku akamvuta Latifu, akamkalisha, akachukua jagi la maji ya kunawa mezani kwa Projestus, akaanza kummiminia mkononi, taratibu, bila kuacha. Latifu, ambaye ni mwigizaji wa kuzaliwa, akapiga mayowe na kujifanya anajipaka dawa ya meno kwenye kidonda. Koku akamchapa kile kiganja, akaendelea kumimina. Watu wakacheka.

La pili lilikuwa la kutafuta mashariki bila dira. Akasimamisha kijiti, akawekea alama ncha ya kivuli chake, akatufanya sote tusubiri kivuli kisogee, Projestus naye akisubiri na sahani yake inapoa. Akaweka alama ya pili, akachora mstari, akaonyesha upande wa Ziwa. La tatu lilikuwa fundo la kufungia kamba kwenye nguzo. Alilifunga kwenye mguu wa meza ya chakula na kulivuta, meza ikatikisika. La nne: mwenzenu amepotea njiani, mtafanya nini? Akaandika: Wote tunasimama. Hakuna anayeendelea.

Mama wa Ngara akapiga meza. "Basi! Ameshinda!"

Lakini Projestus hakuridhika. Akafuta vumbi kwa kiatu, akaandika la tano: Na kama kuna hatari, wenzako wanakuita kwa sauti, wewe husikii, itakuwaje?

Damu ilinipanda kichwani tena, na safari hii sikuwa na sauti ya kuitolea. Koku alilisoma swali. Akalisoma tena. Kisha akainama, akaandika chini yake, bila haraka:

Hili hukuwauliza wengine.

Mama wa Ngara alilisoma kwa sauti ili walio nyuma wapate. Kicheko kilichotoka hapo kilisikika nadhani hadi stendi. "Kweli hukuwauliza," akamwambia Projestus. "Nilikuwepo toka wa kwanza hadi wa mwisho."

Projestus akafuta mdomo, akafungua boksi, akahesabu beji nane. Hakupuliza filimbi, hakuita mistari, hakutangaza. Kule kukosa kulitangazwa kwa uwanja mzima. Kupata kukafanywa katikati ya masufuria. Alipofika kwa Koku, akampa simu kijana mmoja, akamshika Koku bega, akakaa mkao wa picha. Koku wala hakujua. Alikuwa anaitazama beji.

Muleba hadi Bukoba

Tulirudi kwa basi. Koku alikaa dirishani na kufumba macho hata kabla injini haijawaka. Edmund alikaa pembeni yake akisubiri. Kagoma tukapita, Muhutwe tukapita, macho yamefumbwa, Edmund, mtoto wa watu, ameshika mikono yake mapajani, maneno yamemjaa vidoleni hana pa kuyapeleka. Kemondo Koku akafumbua.

"Kesho utaniomba msamaha," akamwambia Edmund. "Leo nimechoka." Akafumba tena.

Kesho yake Edmund aliomba. Mimi pia niliomba. Alinikubalia baada ya siku kadhaa, na alinichelewesha makusudi, nami nilistahili.

Ningeishia hapo, lakini picha ikafika. Ilizunguka kwenye simu kutoka kundi moja la walezi hadi jingine: Projestus na tabasamu lake, Koku ameinamia beji. Chini yake ameandika: "Leo nimempa binti huyu asiyesikia nafasi ya kung'ara. Tuwajali wenye mahitaji maalumu." Watu walikuwa wameweka mioyo, mikono ya kushukuru, amina nyingi.

Safari hii nilijua la kufanya. Nilimfuata Koku wakati wa mapumziko, nikampa simu, nikamwambia, "Soma. Uamue wewe." Alisoma. Aliikuza picha, akajitazama. Akaniomba ruhusa ya kuandika kwa namba yangu, nikampa. Aliandika hivi, sijaongeza nukta:

"Mimi ndiye Kokushubira. Nafasi hukunipa, niliifuata. Picha hukuniuliza. Ifute."

Projestus alijibu kwa alama ya mikono iliyokutanishwa, hakuandika neno. Kufikia saa za kutoka shule picha ilikuwa imeondolewa. Lakini mnajua mambo haya. Imeshasambaa, na baadhi yenu mlinitumia mimi mwenyewe, pamoja na hongera.

Nawashukuru kwa hongera. Kama bado ipo kwenye simu zenu, ifuteni.